Sikio la Bibi Kizee: Shujaa na Watu wa Kawaida katika Hadithi ya Masala Kulangwa

Kila hadithi ya shujaa ina watu wa namna mbili: mmoja ambaye jina lake hutajwa tangu mwanzo hata mwisho, na wengi ambao majina yao hayatajwi hata mara moja. Wahakiki wa fasihi yetu simulizi wamezoea kumtazama yule mmoja. Wamepima urefu wake na nguvu zake, wameeleza nasaba yake na silaha zake, wakaonyesha siri ya kifo chake. Wale wengi wameachwa wasimame nyuma kama miti ya mbali katika picha. Lakini ushujaa ni neno la kulinganisha. Hatuwezi kusema kwamba huyu ni mrefu bila ya kuwapo mwingine aliye mfupi, wala kwamba huyu ni shujaa bila ya kuwapo watu ambao hawahesabiwi kuwa mashujaa. Kwa hiyo yafaa tuulize: shujaa amewazidi wenzake kwa kitu gani, kwa kiasi gani, na ni nani aliyepewa mizani ya kumpimia?

Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo kwa kuichunguza hadithi moja ya Wasukuma, nayo ni ile ya kijana Masala Kulangwa na zimwi Shing'weng'we. Hadithi hii husimuliwa katika nchi yote ya Usukuma. Katika wilaya za Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, ambazo tangu mwaka 2012 ndizo zinazofanya Mkoa wa Simiyu, ni hadithi ya nyumbani kabisa, ya kusimuliwa jioni kando ya moto. Nitaonyesha kwamba kipimo chake cha ushujaa si kile tulichokizoea, na kwamba ufunguo wake umo katika jambo dogo ambalo msimulizi mwenye haraka huliruka: sikio la bibi kizee mmoja lililokatwa kwa bahati mbaya.

Kwanza nitaieleza hadithi yenyewe kwa ufupi, ili msomaji asiyeijua apate kunifuata. Zimwi Shing'weng'we liliwameza watu wote wa dunia pamoja na wanyama wao. Akabaki mwanamke mmoja tu, mwenye mimba, aliyejificha ndani ya lundo la pumba. Mwanamke huyo akajifungua mtoto wa kiume, naye ndiye Masala Kulangwa. Mtoto alipopata akili akamwuliza mama yake sababu ya wao kuwa wawili peke yao, na mama akamweleza habari za zimwi. Tangu siku hiyo kijana akaanza kulitafuta. Siku moja alimwua panzi, akarudi akiimba kwa furaha kwamba amekwisha kumwua Shing'weng'we. Mama akamwambia kuwa huyo ni panzi, wakamchoma wakamla. Siku nyingine alileta ndege, siku nyingine swala, na kila mara jibu lilikuwa hilohilo. Mwisho akalikuta zimwi lenyewe, akaliua, akalipasua tumbo, na watu wote wakatoka wazima, pamoja na baba yake. Lakini katika kupasua, kisu kilikata sikio la bibi kizee mmoja. Bibi huyo akakasirika, akamtukana kijana, akataka kumroga. Watu wakamlinda Masala Kulangwa, naye akatafuta dawa akamponya bibi. Ndipo watu wakamfanya kuwa mtemi wao, na mama yake wakampa heshima ya mama wa mtemi.

Kabla ya kuipima hadithi hii, yafaa tutazame mizani nyingine mbili, kwa maana jambo huonekana wazi zaidi likiwekwa karibu na lisilofanana nalo.

Mizani ya kwanza ni ya hesabu tupu, nayo haikutoka kwetu. Mwaka 1974, huko Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons, ambamo wachezaji huketi mezani, kila mmoja akajitwalia nafsi ya mtu wa kubuni, wakasimulia pamoja safari za hatari na kuamua matokeo yake kwa kurusha dadu. Kabla ya hapo, katika kanuni za mchezo wa vita uitwao Chainmail uliotolewa mwaka 1971, shujaa alihesabiwa kuwa na nguvu ya kupigana ya watu wanne, wala hakuanguka ila kwa mapigo manne yaliyompata kwa pamoja. Na aliye juu yake alihesabiwa kuwa sawa na watu wanane. Katika kanuni za Dungeons & Dragons zilizotolewa mwaka 2014, mtu wa kawaida, yaani mkulima au mchuuzi wa kijijini, amepewa tarakimu 10 kwa kila sifa, iwe nguvu au akili au busara, na pointi 4 za uhai. Mpiganaji wa daraja la kwanza kabisa huanza na pointi 10 za uhai, pamoja na nyongeza ya siha yake, na kila apandapo daraja huongezewa nyingine. Wachezaji wa mchezo huo hushindana kwa hoja juu ya jambo hili: je, shujaa anapoanza safari ni mmoja wa watu wa kawaida aliyethubutu, au ni kiumbe wa namna nyingine tangu mwanzo? Swali lenyewe ni zuri, na latuhusu. Ila mizani hiyo ina upungufu mmoja. Mtu wa kawaida aliyeandikwa kwa tarakimu kumi-kumi ni kipimo cha chini cha kumpimia shujaa. Hana dai lolote juu ya shujaa, na aliyepimwa hivyo hawezi kumwambia aliyempima kuwa amemwumiza.

Mizani ya pili ni ya mwili, nayo ni ya kwetu. Fumo Liyongo wa pwani ya kaskazini, ambaye Muhammad Kijumwa alimtungia utendi mwaka 1913, ni mtu mrefu mno, mwenye nguvu za kutisha, ambaye silaha haimpati ila sindano ya shaba kitovuni. Luanda Magere wa Wajaluo alikuwa na mwili wa jiwe, na uhai wake ulikuwa katika kivuli chake. Mashujaa wa namna hii wamewekewa mpaka kati yao na watu wengine na maumbile yenyewe, na kwa sababu hiyo hadithi zao hazina njia ya kwisha ila kwa usaliti: mwana anunuliwe kwa ahadi ya cheo, au mke aletwe kutoka kwa adui ili aichungue siri. Lakini hebu tutazame linalowapata watu wa kawaida. Liyongo alipokwisha kuchomwa na mwanawe, alipiga goti karibu na kisima, mshale wake ukiwa tayari katika uta, akafa katika hali hiyo. Watu wa mji wakaogopa kwenda kuteka maji, kwa kudhani yu hai na ana hasira. Na mama yake ikambidi aende kumbembeleza maiti. Mtunzi hakutuficha gharama yenyewe. Mji mzima ulishikwa na kiu kwa sababu ya mtu mmoja aliyekuwa mkubwa mno kwa mji wake. Ushujaa wa mwili huwafanya wengine wawe watazamaji, na hata shujaa afapo hawana ruhusa ya kusogea.

Sasa turudi Usukuma. Masala Kulangwa hana umbo la ajabu. Hakuna msimulizi anayetuambia kuwa alikuwa mrefu au kuwa risasi na mikuki havikumpata, wala hakuzaliwa akitembea kama Mwindo wa Wanyanga, ambaye habari zake zilichapishwa mwaka 1969 na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene. Yeye ni mtoto wa mwanamke mjane wa dunia nzima, naye mwindo wake wa kwanza ni panzi. Kama tungempa tarakimu za ule mchezo wa mezani, tungemwandikia kumi-kumi kama mtu yeyote. Basi amewazidi wengine kwa nini?

Jibu la kwanza limo katika jina lake. Masala kwa Kisukuma ni akili, nalo ni jina la ngeli ya ma- kama yalivyo maarifa na mawazo katika Kiswahili. Kulangwa ni kitenzi cha kutendwa kitokanacho na kulanga, yaani kufundisha. Wako wanaolifasiri jina zima kuwa ni mtu mwerevu, mwepesi wa kufahamu. Na tafsiri hiyo haina kosa, maana ndiyo maana inayokusudiwa katika mazungumzo. Lakini mwanafunzi wa lugha hana budi kuitazama kauli ya kutendwa. Werevu wa sungura katika hadithi zetu ni wa kuzaliwa nao. Hakuna aliyemfundisha sungura hila zake. Akili za kijana huyu ni za kufundishwa, na penye kufundishwa hapana budi pawepo mfundishaji. Jina la shujaa, basi, lina mtu mwingine ndani yake. Na katika dunia iliyomezwa yote, mfundishaji huyo hawezi kuwa mwingine ila mama.

Hapa ndipo uzuri wa habari ya panzi unapoonekana. Wasikilizaji wadogo hucheka, na ni haki yao kucheka, kwa kuwa mtoto aimbaye wimbo wa ushindi juu ya panzi ni kichekesho. Lakini natazame msomaji jinsi mama anavyojibu. Hamcheki mwanawe, wala hamkatazi kwenda tena, wala hamdanganyi kwa kumsifu. Humwambia ukweli kwamba huyu siye, kisha humchoma mnyama aliyeletwa wakamla pamoja. Kosa linageuka kitoweo. Kila kosa ni kubwa kidogo kuliko lililotangulia, kutoka panzi hata ndege, kutoka ndege hata swala, na kwa njia hiyo kijana anajifunza kutambua adui kwa kuondoa wasiokuwa adui. Sijui kama yupo mwalimu aliyepata kueleza kazi yake kwa ufasaha kuliko huo.

Mtindo huu wa kuleta mnyama mmoja baada ya mwingine si wa Wasukuma peke yao. Edward Steere aliuandika Unguja katika hadithi ya Sultani Majnuni, iliyomo katika mkusanyo wake wa mwaka 1870. Huko pia kijana anamtafuta mla watu, yaani nunda, na kila amwuapo mnyama, kuanzia mbwa hata tembo, humletea mama yake naye humwambia kuwa siye. Mhakiki mwenye haraka angesema kwamba hadithi hizi mbili ni moja. Lakini tukizitazama kwa upande wa watu wa kawaida, zaachana. Nunda alikuwa paka wa sultani. Alipokula kuku na mbuzi na hatimaye watu, raia walikwenda kushtaki, na sultani akawajibu kwamba paka ni wake na hao walioliwa pia ni wake. Hakuamka hata paka alipowala wanawe mwenyewe. Hadithi ya pwani, kwa hiyo, yajua vyema dharau ya mkubwa kwa mdogo, na yaisema kwa kejeli kali. Hata hivyo tiba iliyoitoa ni ya nyumba ya sultani: anayekwenda kumwua nunda ni mwana wa sultani, akifuatana na watumwa, na walioliwa hawatoki tumboni. Malalamiko ya raia yamo mwanzoni mwa hadithi, kabla ya shujaa kutokea, nayo yanaelekezwa kwa mfalme mbaya. Katika hadithi ya Wasukuma malalamiko yamo mwishoni, baada ya ushindi, nayo yanaelekezwa kwa shujaa mwema. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha makala haya.

Kabla ya kufika huko, neno moja juu ya pumba. Zimwi lilimeza kila kitu chenye thamani: watu, ng'ombe, mbuzi. Liliacha lundo la pumba, kwa sababu pumba ni takataka ibakiayo baada ya kupura na kupepeta uwele au mtama, na hakuna ajaye kula pumba penye nafaka. Ndimo mwanamke alimojificha. Mtu yeyote aliyeishi Bariadi au Maswa wakati wa mavuno anajua kwamba kupepeta ni kazi ya wanawake, na lundo la pumba ni mahali wanapopajua wao kuliko mtu mwingine. Msimulizi hakumpa mama huyo hirizi wala pango lenye siri. Alimpa kile alichokuwa nacho kila mwanamke wa kijiji. Kama ungetokea uwezekano kwamba mwingine angejificha humo badala yake, basi huyo ndiye angekuwa mama wa shujaa. Wokovu wa dunia umeanzia mahali pa kawaida kabisa.

Sasa twaja kwenye sikio. Hebu fikiri, msomaji, jinsi msimulizi angeweza kumaliza hadithi bila ya shida. Zimwi limekufa, watu wametoka, vigelegele vimepigwa, kijana amekuwa mtemi. Hakuna kilichopungua. Wasimulizi wa Usukuma hawakukubali kumaliza hivyo. Kisu kilichowafungua watu kimemkata mtu. Tena hakikumkata adui wala mwoga. Kilimkata bibi kizee asiye na kosa lolote, ambaye alikuwa gizani pamoja na wengine, na jambo la kwanza alilolipata katika mwanga ni maumivu.

Mambo matatu yafaa kuangaliwa hapa. La kwanza, miongoni mwa watu wote waliotoka tumboni, huyu bibi ndiye peke yake tunayeisikia sauti yake. Baba yake Masala Kulangwa anatoka, na hasemi neno. Wazee na watemi wa zamani wametoka, nao kimya. Watu wa kawaida katika hadithi hii wamepewa kauli moja tu, nayo si ya shukrani bali ni ya lawama. Jambo la pili, hadithi haimkanushi. Haisemi kwamba sikio halikukatwa, au kwamba bibi angelishukuru kwa kuwa sikio moja ni bei ndogo ya uhai. Hoja hiyo ni rahisi kuitoa, na viongozi wengi wa dunia wameitoa kwa watu walioumizwa na mema yao; lakini shujaa wetu haitoi. Jambo la tatu, katika saa hiyohiyo ya ushindi, shujaa anahitaji kulindwa, na wanaomlinda ni walewale aliowatoa tumboni. Aliyewaokoa watu wote ameokolewa na watu wote. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa mizani iliyosawazishwa.

Kisha anatafuta dawa. Hili ni tendo lake la mwisho kabla ya utemi, na kwa maoni yangu ndilo linalompa utemi. Kuua zimwi kumemfanya astahili sifa. Kuponya sikio kumemfanya astahili kutawala. Mpangilio wa hadithi wenyewe wathibitisha hivyo, kwa kuwa watu hawakumtawaza zimwi lilipoanguka, walimtawaza bibi alipopona. Wengi huliunganisha neno mtemi na kitenzi kutema, yaani kukata: mtemi wa kwanza ni yule aliyekata pori watu wakapata mahali pa kukaa, na mtemi ni yule akataye mashauri. Basi mkataji hana budi kujibu kwa kila alichokikata, hata kama alikuwa akikata kwa nia njema. Utemi kama cheo cha serikali uliondolewa katika Tanganyika mwaka 1963, lakini fikra iliyomo katika neno hilo haikuondolewa kwa sheria, na hadithi ndiyo iliyoihifadhi.

Wako waliomsoma Masala Kulangwa kwa njia nyingine. Joseph Healey na Donald Sybertz, katika kitabu chao cha mwaka 1996 juu ya teolojia ya masimulizi ya Kiafrika, wamemlinganisha na Kristo aliyeishinda mauti. Ulinganifu huo una msingi, kwa maana kijana amewatoa watu wote katika tumbo la mauti, nasi tunawiwa nao shukrani kwa kuieneza hadithi hii mbali na Usukuma. Lakini msomaji akiifuata njia hiyo peke yake, atamwinua shujaa juu sana hata asiweze tena kuwa na deni. Mwokozi hana sikio la mtu mikononi mwake. Masala Kulangwa analo, na bila ya sikio hilo hatumjui ni nani.

Huenda msomaji akauliza kama nimewapamba Wasukuma kupita kiasi, kana kwamba hawapendi mashujaa wenye nguvu za ajabu. Wanawapenda sana. Ng'wanamalundi, mcheza ngoma na mganga aliyevuma mwanzoni mwa karne ya 20, husimuliwa kuwa alinyosha kidole miti ikakauka, na kwamba Wajerumani waliomkamata walishangazwa naye. Hata hivyo, tazama uwanja ambamo sifa zake zilizaliwa. Mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu huamuliwa kwa wingi wa watu. Manju wa kila upande hutumia sauti na mchezo na dawa, lakini mshindi ni yule ambaye umati umemwendea. Watu wa kawaida si mandhari ya ngoma hiyo. Wao ndio mizani yenyewe, na wana miguu ya kuhamia upande wa pili. Kwa hiyo hata pale Msukuma asifupo nguvu, hamwachi mwenye nguvu ajipime mwenyewe.

Kwa nini jambo hili lisiwe la wanazuoni tu? Kwa sababu bibi kizee wa hadithi si mtu wa hadithi tu. Katika miongo ya mwisho ya karne ya 20 na ya mwanzo wa karne hii, mikoa ya Shinyanga na Mwanza, ambayo ndiyo iliyouzaa Mkoa wa Simiyu, ilijulikana nchini kwa msiba wa kuuawa kwa wanawake wazee walioshukiwa uchawi. Macho mekundu yalihesabiwa kuwa ushahidi, ingawa moshi wa kuni na wa samadi watosha kuyafanya mekundu macho ya mtu yeyote aliyepika maisha yake yote. Sheria juu ya uchawi ipo tangu mwaka 1928, nayo humkataza mtu kumtaja mwenzake kuwa mchawi. Lakini sheria haikuwafikia wengi wa wanawake hao kabla ya panga. Mara nyingi aliyetuhumiwa alikuwa mjane, mwenye shamba dogo, asiye na wa kumsemea. Na waliokuja usiku, kwa fikra zao wenyewe, walikuwa wakiua zimwi.

Hapo ndipo hadithi yao wenyewe inapowasimamia mbele. Mtu anaweza kusema kwamba hadithi yaamini uchawi, kwa kuwa yasema waziwazi kwamba bibi alitaka kumroga kijana. Ni kweli, wala sitaki kuificha sehemu hiyo ili hadithi ionekane ya kisasa. Nguvu yake imo humohumo. Hadithi imekubali shaka mbaya kuliko zote ambayo kijiji kinaweza kuwa nayo juu ya mwanamke mzee: amekasirika, ametukana, ameazimia kuroga, tena aliyemwelekea ni mwokozi wa dunia. Mbele ya hadithi kuna kijana aliyezoea kuua, mwenye kisu mkononi bado, na umati uliomzunguka uko upande wake. Kila kitu kiko tayari kwa mauaji ambayo kila mtu angeyaita haki. Masala Kulangwa akaenda kutafuta dawa. Aliuliza chanzo cha hasira, akakikuta katika sikio, na sikio ni kazi ya mkono wake. Yule aliyejifunza kwa mama yake kwamba panzi siye Shing'weng'we, alijua sasa pia kwamba bibi kizee siye Shing'weng'we. Hiyo ndiyo akili ya kufundishwa, na mtihani wake wa mwisho haukuwa zimwi.

Kutokana na haya, naona yafaa niwaombe mambo mawili wale wanaoishughulikia fasihi simulizi ya Usukuma. La kwanza lawahusu wanaoziandika hadithi kwa ajili ya watoto wa shule. Kurasa ni chache, na mwandishi hana budi kupunguza. Sikio laonekana kuwa jambo la kando, tena lenye kuharibu furaha ya mwisho, na kwa hiyo huwa ndilo la kwanza kuwa katika hatari ya kuachwa. Panzi naye huonekana mchezo wa kitoto. Lakini hadithi isiyo na panzi wala sikio ni hadithi ya kijana mwenye nguvu aliyeua dude kubwa, na watoto wa Bariadi wanazo hadithi za namna hiyo tele kutoka katika sinema na michezo ya simu. Tukiwapa nyingine ya namna ileile kwa jina la Kisukuma, tumewapa jina tu. Ikiwa ni lazima kupunguza, heri kupunguza vita.

La pili lawahusu watafiti, na hasa vijana wetu wa vyuo vikuu wenye kuijua lugha kwa kunyonya. Wakusanyapo masimulizi ya Masala Kulangwa katika Itilima, Meatu, Busega na kwingineko, wasiishie kuandika aliyoyatenda shujaa. Wamwulize msimulizi maneno aliyoyasema bibi kizee, kwa Kisukuma chake na matusi yake, na wayaandike kama yalivyosemwa. Wamwulize kama bibi alimsamehe kijana au aliponywa tu. Kama dawa ilipatikana kwa mganga, kwa mama, au kwa bibi mwenyewe. Na kama aliposimikwa mtemi mpya, bibi alikuwamo katika umati au alikwenda zake nyumbani. Yafaa pia waangalie kama majibu ya wanawake wasimuliapo jikoni yalingana na ya wanaume wasimuliapo shikomeni. Kwa masimulizi ya namna hiyo, yakikusanywa kwa wingi na kulinganishwa neno kwa neno, tutaweza kujua jinsi kila kijiji kilivyompima shujaa wake, na ni nani hasa aliyeishika mizani.